Chakula cha Njiani Katika Mji wa Mumbai

Mji husomwa kwa njia nyingi. Kuna wausomao kwa makumbusho na makaburi ya wafalme, kuna wausomao kwa masoko na mabenki, na kuna wachache wausomao kwa tumbo. Hawa wa mwisho hudharauliwa na wenzao, kwa kuwa tumbo halihesabiwi miongoni mwa viungo vya elimu. Walakini mtu akitaka kujua nani alikuja katika mji na nani aliondoka, nani ana kazi na nani hana, nani hukubali kula pamoja na nani, hapana kitabu kilicho wazi kuliko karai la mchuuzi aliyesimama kando ya njia. Kitabu hiki hakiazimwi wala hakifungiwi kabatini. Husomwa kingali moto.

Kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki mji wa Mumbai, ulioitwa Bombay katika maandishi ya serikali mpaka mwaka 1995, si mji mgeni. Majahazi yaliuendea na kuurudia kwa pepo za kusi na kaskazi. Rupia ilikuwa fedha ya Unguja mpaka mwisho wa mwaka 1935, na ingawa rupia ilikufa, mtoto wake alibaki: Mswahili asemaye pesa hutamka jina la sarafu ndogo ya Bara Hindi, kama asemavyo duka, gari na laki pasipo kukumbuka kwamba maneno hayo yalishuka melini. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kuimba katika santuri, na sauti ya Kiswahili ilirudi nyumbani kutoka huko. Siku hizi safari haijakoma, ila sababu yake imegeuka. Wengi wa waendao sasa hufuata matibabu, na pamoja na kila mgonjwa huenda mtu wa kumwuguza.

Mmoja wa watu hao alikuwa bibi wa makamo kutoka Unguja, aliyempeleka ndugu yake kutibiwa moyo. Ndugu alipasuliwa salama, akawekwa mahali ambapo wageni huruhusiwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Muda uliobaki ulikuwa mali ya bibi, na ilikuwa mali nzito. Siku kumi alikula wali mweupe na dali ya jikoni la hospitali akiwa na fikira nyingine, wala hakujua alichokula. Siku ya kumi na moja, baada ya kuambiwa kwamba mgonjwa amekaa kitako na kuomba chai, alilipa nafasi yake katika matembezi ya kuongozwa ya kuonja vyakula vya njiani. Bei yake ilimtia soni. Ilipita kipato cha siku nyingi cha mchuuzi yeyote ambaye angeonyeshwa.

Biashara hii ya matembezi imekua katika miji mingi ya Bara Hindi, na inastahili kupimwa kabla ya kusifiwa. Kiongozi hukusanya watu watano au sita mahali panapojulikana, huwapitisha mitaani muda wa saa tatu au nne, huwasimamisha mahali saba au wanane hivi, na kila mahali hununua kidogo akagawa. Mgeni halipi kwa mchuuzi. Amekwisha kulipa kwa kiongozi. Kwa hiyo yule apikaye hupata bei ya andazi, na yule aelezaye hupata bei ya hadithi. Mtu mwepesi wa hasira aweza kusema kwamba huu ni wizi wa adabu. Labda si wizi. Hadithi nayo ni kazi, na kiongozi ajuaye kazi yake hurudi kwa mchuuzi yule yule kila siku na kundi jipya, huuliza hali ya watoto wake, na hulipa papo hapo. Lakini kuna viongozi ambao huwaonyesha watu kama vile wanyama wa bustani, na tofauti ya hao wawili haionekani katika tangazo. Huonekana njiani.

Kiongozi wa siku ile alikuwa kijana wa Kimaratha, mjukuu wa mfanyakazi wa vinu vya pamba. Alimwamkia bibi kwa jina la mausi, yaani mama mdogo, ambalo ni jina apewalo kila mwanamke wa makamo katika mji ule. Naye bibi, aliyejifunza Kihindi chake katika sinema za ujanani, akamjibu kwa mwanangu. Wengine katika kundi walikuwa bwana na bibi wa Ulaya, na mume na mke vijana kutoka Ahmedabad waliofunga ndoa karibuni. Pamoja na kiongozi walikuwa watu sita.

Walianza saa kumi alasiri mbele ya stesheni kuu, ile iliyofunguliwa mwaka 1887 kwa jina la Malkia Victoria na ambayo tangu mwaka 1996 huitwa kwa jina la Shivaji, mfalme wa Wamaratha. Watu walikuwa wakitoka milangoni mwake kama maji yatokavyo katika bwawa lililobomoka. Kando kulikuwa na kibanda kilichouza kitu kimoja tu, vada pav, kwa kiasi cha rupia 20, na mbele yake watu walisimama wakila huku wakitazama saa.

Vada pav ni viazi vilivyochemshwa, vikapondwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, kotmiri, manjano na mbegu za haradali, vikaviringwa, vikachovywa katika rojo la unga wa dengu na kukaangwa katika mafuta mengi. Donge hilo hutiwa katika mkate mdogo laini uliopasuliwa katikati na kupakwa chatne, mara nyingi ya kitunguu saumu na nazi kavu, na pembeni huwekwa pilipili nzima iliyokaangwa na kutiwa chumvi. Hushika mkono mmoja. Mkono wa pili hubaki huru kushika chuma cha gari la moshi, na hii ndiyo siri ya enzi yake, kwa sababu mamilioni ya watu wa Mumbai husafiri kila siku kwa garimoshi wakiwa wamesimama.

Bibi alikata kipande, akatafuna, akanyamaza. Kisha akasema, “Mwanangu, hii kwetu ni kachori.”

“Hapana, mausi,” kijana akajibu, “kachori ni ile pale.” Akaonyesha sinia la jirani, palipokuwa na maandazi bapa, makavu, yenye kuvunjika kama kaki, na ndani yake dengu.

“Hiyo sijui ni nini,” bibi akasema. “Kachori ni hii, ila nyinyi mmesahau ndimu.”

Wote wawili walisema kweli. Jina la kachori lilivuka bahari likaacha mwili wake Gujarat, na huko Unguja likajivika mwili wa batata vada. Kiazi chenyewe kilikwenda pamoja na jina lake jingine: watu wa Mumbai na Gujarat hukiita batata, na Waunguja hukiita mbatata, na wote walilipata neno hilo kwa Wareno, ambao nao walilileta kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kaskazi ya Bara Hindi kiazi huitwa alu. Kwa neno moja tu la jikoni mtu aweza kujua ni upande gani wa nchi ulioongea na Zanzibar.

Hata mkate ule ni mgeni. Pav ni neno la Kireno la mkate. Wareno walipewa visiwa vya Bombay mwaka 1534 na Sultani wa Gujarat, wakavitoa mwaka 1661 kuwa sehemu ya mahari ya binti mfalme wao aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, na mfalme huyo akavikodisha kwa Kampuni ya Mashariki ya India mwaka 1668 kwa pauni 10 kwa mwaka. Waokaji kutoka Goa waliendelea kuoka. Viazi, pilipili na nyanya zilitoka Amerika baada ya Columbus. Kabla ya hapo hapana jiko la Bara Hindi lililozijua. Chakula kinachoitwa leo cha asili kabisa cha Mumbai kina kiazi cha wageni, pilipili ya wageni na mkate wa wageni. Cha wenyeji ni dengu, manjano, na akili ya kuviunganisha.

Husemwa kwamba mtu wa kwanza kuviunganisha ni Ashok Vaidya, aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya Dadar mwaka 1966. Mwaka huo huo kilianzishwa chama cha Shiv Sena kilichodai haki za Wamaratha katika mji, na baadaye chama hicho kiliwahimiza vijana wake wauze vada pav ili kushindana na mikahawa ya watu wa kusini iliyouza idli na dosa. Hivyo andazi lilipewa kabila. Ni jambo la kuchekesha kidogo, kwa kuwa viungo vyake havikupata kuulizwa vilizaliwa wapi.

Kijana aliyaeleza hayo akitembea kinyumenyume mbele ya kundi, kama wafanyavyo viongozi wote. Alipofika kwa habari ya babu yake aligeuka akatazama aendako. Kinu cha kwanza cha pamba katika mji ule kiliasisiwa mwaka 1854, na katika karne iliyofuata mtaa mzima wa kati ya mji ukawa ni mabomba ya moshi, ukaitwa Girangaon, kijiji cha vinu. Wafanyakazi walitoka mashambani pasipo wake zao, wakalala kwa zamu katika chumba kimoja, na walilishwa na wanawake waliopika nyumbani kwa hesabu ya mwezi. Mwaka 1975 wanawake hao waliunda chama chao, Annapurna Mahila Mandal, kwa uongozi wa Prema Purao, ili wapate mkopo wa benki badala ya kwenda kwa wala riba. Inasemekana kwamba pav bhaji, ule mseto wa mboga zilizopondwa juu ya chuma kipana pamoja na siagi, ulikuwa chakula cha watu wa vinu: chepesi kupikwa, chepesi kuliwa kabla ya kengele.

Januari 1982 wafanyakazi wapata 250,000 waligoma chini ya uongozi wa Datta Samant. Mgomo ule haukutangazwa kuwa umekwisha hata leo. Vinu vilifungwa kimoja kimoja, ardhi yake ikawa ghali kuliko nguo zilizopata kufumwa juu yake, na mahali pa mabomba pakasimama majumba ya orofa nyingi na maduka makubwa. Watu waliotoka katika vinu walitafuta cha kufanya, na mtu asiye na mtaji akiwa na mke ajuaye kupika hana haja ya kufikiri sana. Babu wa kijana aliweka karai mlangoni. “Kwa hiyo,” kijana alisema, “mkiniuliza chakula hiki kilianza lini, kwetu kilianza mwaka 1982.”

Bwana wa Ulaya aliandika mwaka huo katika daftari yake. Alikuwa mtu mwema, lakini kila wanaposimama aliuliza swali moja: “Je, ni safi?” Swali lake halikuwa baya. Maji ya mji mkubwa yaweza kumlaza mgeni juma zima, na kiongozi asiyejali hilo hafai. Kijana alimfundisha kanuni zake: kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako, tazama foleni kuliko kibanda, kwani penye watu wengi hakuna cha jana, tazama rangi ya mafuta, na mahali pa maji, uliza maji. Kanuni hizo zina akili kuliko hofu, na msafiri aweza kuzichukua aendako kote.

Lakini neno safi lilikuwa na maana zaidi ya moja katika kundi lile, na jambo hili lilidhihiri walipopita soko la zamani la Crawford, lililofunguliwa mwaka 1869, wakaingia vichochoro vya Zaveri Bazaar, wauzapo dhahabu. Huko kuna kichochoro wakiitacho khau galli, kichochoro cha kula, na wateja wake wengi ni Wagujarati wa dini ya Kijaini. Mjaini mwenye kushika dini hali nyama, samaki wala yai; na zaidi ya hayo hali kitunguu, saumu, kiazi, wala karoti, kwa sababu mzizi ukiung'oa umeua mmea mzima na viumbe vidogo visivyoonekana vinavyouzunguka. Basi ni nini kilichosalia katika pav bhaji, chakula ambacho moyo wake ni kiazi na kitunguu? Mchuuzi alikuwa na chuma cha pili, mbali na cha kwanza, na juu yake alikuwa akiponda ndizi mbichi.

Bibi alipoona ndizi mbichi katika siagi na nyanya macho yake yalipanuka. Aliomba sahani ya pili kabla hajaimaliza ya kwanza. Mtu wa kwao hahitaji kufundishwa heshima ya ndizi mbichi, ila hajapata kuiona ikiwekwa kuwa naibu wa kiazi. Vijana wa Ahmedabad, ambao walikuwa Wajaini, walikula kwa mara ya kwanza tangu matembezi yaanze. Hapo ndipo wengine walipotambua kwamba hawakuwa wamegusa kitu pale stesheni. Walisimama tu wakitabasamu. Hawakuwa na haja ya kulieleza kundi, na hilo nalo ni adabu.

Pembeni alikuwako muuza pani puri. Huyu ana kipuri chembamba kilichovimba kama yai, kikavu, kitupu ndani. Hukitoboa kwa kidole gumba, hutia choroko zilizochipua au dengu, hukizamisha katika maji ya ukwaju na katika maji ya nanaa na pilipili, na hukuweka mkononi mwako. Hapana subira wala kugawa: kinywa chote kwa mara moja, kwa maana ukikawia kimelowa, na ukikiuma nusu umejimwagia. Wateja humzunguka kwa duara naye huwapa kwa zamu, mmoja baada ya mmoja, na hesabu ya kila mtu ameishika kichwani, nani amekula vitatu na nani vitano, nani asiye na pilipili, nani Mjaini. Mwisho kila mmoja hupewa kipuri kimoja kikavu cha bure, na ukiondoka pasipo kukidai wenzako hukuona mjinga. Katika elimu yote ya hesabu hapana mtihani mgumu kuliko huo wa watu kumi wenye njaa. Kibandani palitundikwa kikaratasi chenye miraba midogo myeusi na myeupe, ambacho mteja hukipiga picha kwa simu na fedha zikaingia benki. Mfumo huo, uitwao UPI, ulianza mwaka 2016, na leo hata glasi nusu ya chai hulipwa hivyo. Bibi, aliyezoea kutuma pesa kwa simu nyumbani, hakuustaajabia. Alistaajabia hesabu ya kichwani.

Magharibi ilipokaribia kundi liligawanyika. Kilichosalia kilikuwa barabara ya Mohammed Ali, mitaa ya Waislamu, mahali pa nyama na makaa. Vijana wa Ahmedabad walisema kwa upole kwamba wao wataishia hapo. Kijana hakuwabembeleza, aliwanunulia jalebi zikitoka samlini, akawaonyesha njia ya stesheni, akaagana nao. Ilikuwa mwendo wa dakika chache tu kutoka kichochoro kile hadi barabara ile, na kuna watu waliozaliwa katika upande mmoja ambao hawakupata kula katika upande wa pili maisha yao yote. Nyama yenyewe ina siasa: mwaka 2015 jimbo la Maharashtra lilipanua sheria yake na kukataza kuchinja mafahali na maksai pia, si ng'ombe jike peke yao, na wauzaji waliopika nyama hiyo wakageukia nyati na mbuzi. Kijana, ambaye si Mwislamu, alisema haya kwa sauti ya chini, kisha akasema kwa sauti ya juu kwamba ladha haikupungua. Yawezekana ni kweli. Aliyeilipa bei hakuulizwa.

Adhana ilipoadhiniwa katika msikiti wa Minara bibi alitengeneza mtandio wake, na mwendo wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliye mtaani kwao. Hapa hakuhitaji kiongozi sana. Sambusa aliijua: ilikwishasafiri zamani, na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kisha akaenda kukaa Delhi, aliiona katika karamu za Sultani huko na kuieleza, nyama na lozi na vitunguu ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa katika samli. Firni katika vibakuli vya udongo vinavyotupwa baada ya kuliwa aliionja na kusema ina hiliki ya kutosha. Nihari, mchuzi wa miguu ya mnyama uliochemka usiku kucha, aliuacha, kwa kuwa alimfikiria ndugu yake na mishipa yake.

Kisha akaona mkokoteni wenye makaa, na juu yake mishikaki. Mwenyewe alikuwa kijana mwembamba asiye na kibanda. Bibi alitoa noti ya rupia 200, akaagiza ya rupia 80, kwa fedha yake mwenyewe. Kijana wa mishikaki aliweka vijiti vinne motoni, akaweka noti mfukoni, na kabla hajatoa chenji filimbi ililia mwisho wa barabara. Gari la halmashauri lilikuwa linakuja. Kwa muda wa kufumba na kufumbua wachuuzi wote wasio na vibanda walitoweka: vikapu vilipanda vichwani, meza zilikunjwa, mikokoteni ilisukumwa vichochoroni na moto wake ukiwaka. Palibaki majani ya kotmiri chini na harufu ya moshi.

Haki ya mtu huyu iliandikwa, na iliandikwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya India, katika kesi ya Olga Tellis iliyohusu watu waliolala kando ya njia za mji ule ule wa Bombay, ilisema kwamba haki ya kuishi ni pamoja na haki ya kutafuta riziki. Ingawa ilikubali pia kwamba halmashauri yaweza kuwaondoa ikifuata utaratibu. Sheria ya wachuuzi ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi. Iliagiza kila mji uwahesabu wachuuzi wake, uwape vyeti, uunde kamati ambazo si chini ya sehemu 40 katika 100 ya wajumbe wake ni wachuuzi wenyewe, na usimwondoe mtu kabla ya hesabu hiyo kukamilika. Lakini Septemba 2017 watu zaidi ya 20 walikufa kwa kukanyagana katika daraja la stesheni ya Elphinstone Road, na baada ya hapo mahakama ya Bombay ilikataza uchuuzi ndani ya mita 150 za stesheni. Hakuna mwenye akili asiyeona sababu. Hakuna pia asiyeona kwamba mita 150 za stesheni ndizo zenye wateja. Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga nchi nzima, wachuuzi walirudi mashambani kwa miguu pamoja na vibarua wengine. Na Juni mwaka huo serikali ikatangaza mkopo wa rupia 10,000 kwa kila mmoja ili waanze upya. Serikali moja humkopesha mtu mkokoteni na gari moja humnyang'anya.

Mambo hayo yote kijana kiongozi aliyajua, lakini wakati ule aliona haya tu. Muda wa matembezi ulikuwa umekwisha. Alitoa mkoba wake akataka kumrudishia bibi rupia 200. Bwana wa Ulaya alisema, si kwa ubaya, kwamba fedha ile sasa imekwenda.

“Haijakwenda,” bibi akasema. “Imekimbia. Baba yangu aliuza kahawa Darajani, nami nilimkimbilia na dele mara nyingi. Nendeni, mimi nitakaa hapa.”

Hawakwenda. Walisimama kando ya duka la ittiri, watu wanne, wakisukumwa na wapitao, bwana wa Ulaya akitazama saa na mkewe akimkanya. Gari lilipita polepole, tupu isipokuwa meza mbili na mzani mmoja, ambao mwenyewe alikuwa akitembea nyuma yake akizungumza na dereva dirishani. Likakata kona. Muda kidogo tena mtu mmoja akarudi na kikapu, kisha wawili, kisha barabara ikajaa kama maji ya mkondo yajaavyo.

Mkokoteni ulikuwa miongoni mwa wa mwisho. Kijana mwembamba alitokeza katika kichochoro cha upande wa pili akiusukuma kwa kifua, akawa anatazama nyuso, hata alipomwona bibi akaita, “Khala! Khala!” Kwanza alimhesabia chenji, rupia 120, noti zikiwa zimelowa jasho. Bibi alinyosha mkono kuchukua mishikaki, naye akamzuia. Akaigusa nyama kwa kidole, akatikisa kichwa, akapepea makaa, akairudisha yote motoni, maana ilikuwa imepoa.